Masikio ya Fundi Habibu

Wanaume waliozoea kupiga soga kwenye karakana ya Habibu, pale Same mjini nyuma ya barabara kuu, walikuwa wanamwonea wivu kwa jambo moja tu: chai. Mafundi wapo wengi mjini, lakini fundi anayeletewa chai na mkewe saa yoyote, asubuhi, saa tano, hata saa nane jua linapochoma mabati, alikuwa huyo mmoja. "Huyu mzee kadekezwa," alipenda kusema Kassimu, fundi pikipiki wa jirani. "Mimi wangu nikimwomba maji ananiuliza, kwani mtungi huuoni?" Watu wanacheka. Tausi anaweka kikombe juu ya meza ya zana, hasemi kitu, anarudi jikoni kwake.

Waache wacheke. Walichokuwa hawakijui ni kwamba ile chai haikuwa mapenzi. Haya, mapenzi yalikuwemo, watu wameishi pamoja mpaka binti yao Shamsa amekua na anauza kwenye duka la dawa, lakini ile chai ilikuwa kazi. Fundi Habibu alikuwa hasikii.

Nyumba na karakana vilitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Upande huu jiko la Tausi, upande ule mashine ya kuchonga chuma, dude kubwa la kijani lililobabuka rangi, ambalo Habibu alilinunua wakati shamba la mkonge lilipofunga karakana alikojifunzia ufundi. Kazi yote ya mashine ile ipo kwenye spidi. Kuna kisu cha mviringo chenye meno kinachozunguka, na chuma kinasogezwa taratibu kikamegwe. Kisu kikizunguka polepole mno kinagonga na kung'oka meno. Kikizunguka haraka mno kinapata moto, kinageuka bluu, na hapo kimekufa. Kisu kipana kinataka mwendo wa chini, chembamba kinataka mbio. Shaba inavumilia mbio, chuma kigumu hakitaki kusikia.

Ubavuni mwa mashine kulikuwa na kibao cha namba, gia hii spidi hii. Kibao kile kilikuwa kinasema uongo tangu mota ya kwanza ilipoungua na Habibu akafunga mota ya pampu ya maji, yenye mbio zaidi. Na hata kingesema kweli, chuma chenyewe ni cha skrepa: ekseli ya lori lililopinduka njiani, reli, jembe la trekta. Nani ajue kina ugumu gani? Unaweka gia kwa kukisia, unawasha, halafu unasikiliza. Fundi hasa ni masikio, na Habibu alisifika kwa hilo kuanzia Hedaru mpaka Mwanga.

Tausi alikuwa hajawahi kushika mkono wa gia hata siku moja. Lakini alikuwa amepika makande kando ya ukuta ule tangu Shamsa anatambaa. Spidi ikiwa sawa, mashine inanguruma chini chini na kisu kinamega kwa mpigo mmoja, kama mtu anayepukuchua mahindi na hana haraka. Ikizidi, inaanza kulia kwa juu, sauti nyembamba inayoingia kwenye meno. Na sauti za juu ndizo zilizoondoka kwanza kwenye masikio ya Habibu, baada ya miaka yote ile ya nyundo na mashine za kusaga chuma.

Siku ya kwanza alipoisikia inalia na Habibu hasimamishi, Tausi alifikiri mumewe ameondoka kaiacha mashine peke yake. Akachungulia. Mume yupo, kainama, anatazama kazi, uso umetulia kabisa. Kumwita mbele ya wateja na kumwambia hasikii? Aa, mtu aliyelelewa Kighare kule milimani hafanyi hivyo. Akamimina chai, akampelekea. Habibu akaizima mashine ili anywe, akatupia jicho vinyweleo vya chuma kilichomegwa, vilivyoanza kubadilika rangi. Alipomaliza kikombe akahamisha mkanda kwenye puli nyingine, akapunguza gia, akaendelea. Basi ikawa hivyo. Mashine ikilia, chai inakwenda. Hawakuwahi kulizungumza, si mezani, si kitandani.

Mwezi ukaandama. Ramadhani iliyopita sikio la kushoto lilikuwa bado linabahatisha, mambo yakapita. Mwaka huu yote mawili hayausikii tena mlio ule. Na mchana wa Ramadhani, chai unampelekea nani?


Tausi hakuwa amelifikiria, kweli kabisa. Alifikiria tambi, magimbi na nazi, akapiga pasi kanzu ya Habibu ya tarawehe, lakini hili halikumjia mpaka asubuhi ya mfungo wa kwanza, amekaa anachambua maharage, mashine ilipoanza kulia ukutani. Mkono wake ukanyooka wenyewe kwenye chupa ya chai. Ilikuwa tupu, imepinduliwa.

"Astaghfirullah," akasema.

Kazi iliyokuwa kwenye mashine siku hiyo ilikuwa ya Anold, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Ndungu. Gia yake kubwa ilikuwa imevunjika, mavuno yamefika, magunia ya watu yamepangwa mpaka nje na mashine imelala. Alileta kipande cha ekseli ya lori akakiacha kikachongwe duara, sasa amerudi, amefikia kwa ndugu yake hapo mjini, anasubiri meno tu. Visu vya kuchonga meno ya gia ya saizi ile Habibu alikuwa navyo viwili, vyote vya tangu enzi za mkonge.

Tausi akafunga kanga vizuri, akaenda karakana mikono mitupu. Wanaume walikuwepo kama kawaida yao, Kassimu kwenye benchi, Anold amesimama karibu na mashine. Kisu kinalia. Akasimama mahali ambapo Habibu hawezi kukosa kumwona.

Habibu akainua macho. Akatazama mikono yake, akaona haina kitu, akakunja uso. "Vipi, Mama Shamsa?"

"Nimekuja tu... unga upo wapi?"

"Eh?"

"Unga!"

"Unga? Sasa mimi na unga wapi na wapi?"

Karakana ikaangua kicheko. "Saumu hiyo, shemeji," Kassimu akasema. "Siku ya kwanza tu umeshachanganyikiwa, hiyo ya ishirini itakuwaje?"

Tausi akamkazia macho mumewe, akayapeleka kwenye kisu, akayarudisha. Nani wa kuelewa? Aliyekuwa amezoea kikombe hakujua kusoma macho. Habibu akainama tena kwenye kazi yake na kusogeza chuma mbele. Tausi hakuwa amefika mlangoni alipousikia mlio unakatika, halafu ikaja harufu. Moshi ukapanda kutoka kwenye maji ya sabuni yanayopoza chuma, na Habibu, ambaye pua yake ilikuwa bado nzima, akaruka kuzima swichi.

Kisu kilikuwa kimekufa. Meno yote bluu.

Ni Kassimu, maskini, aliyetaka kumsitiri rafiki yake. "Mfungo wa kwanza unampata kila mtu," akasema kwa sauti kubwa. "Kichwa kinakuwa chepesi."

Hilo Habibu alilisikia. Akalidaka. "Ni kweli," akasema, "saumu imenikamata kidogo leo."

Tausi aliyasikia maneno hayo yakamchoma kuliko moshi ule. Mume wake, aliyefunga akiwa kwenye joto la mashine za mkonge, ametoka kuisingizia Ramadhani mbele za watu.

Anold alikuwa mtu mstaarabu, hakupiga kelele. Alishusha pumzi, akasema kwa sauti ya chini, akiwa upande wa mgongo wa Habibu, "Basi fundi, nadhani nichukue tu chuma changu nipeleke kwa mafundi wa Moshi. Watu wangu kule hawawezi kusubiri."

Habibu akageuka, akaona midomo ya mteja wake inacheza, akatabasamu. "Hamna shida," akamjibu. "Karibu sana."

Anold akabaki mdomo wazi. Kassimu akatazama chini. Hakuna kitu kinachouma kama kumwona mtu mzima, fundi wa watu, anamkaribisha kwa furaha mtu anayemnyang'anya kazi, na hajui. Tausi aliona miguu yake inarudi yenyewe kutoka mlangoni mpaka katikati ya karakana.

"Baba," akamwambia Anold, "usiende Moshi. Kesho mchana njoo. Gia yako utaikuta."

"Mama, kimebaki kisu kimoja tu."

"Nimekwambia njoo kesho."

"Kikiungua na hicho?"

"Hakiungui."

Alisema hivyo bila kujua ametoa wapi neno lile. Lakini alikwisha kulisema, na watu wamelisikia.


Magharibi wakafuturu barazani, uji wa pilipili manga, magimbi na maharage ya nazi, milima imeshaingia giza huko juu. Shamsa alikuwa ametoka dukani. Alikula tende, akanywa maji, kisha akashindwa kujizuia.

"Baba, wateja wanasema leo umeunguza kisu."

"Saumu," Habibu akasema, akichota uji.

"Saumu gani, baba? Wewe husikii."

"Shamsa!" Tausi akaruka kama amemwagiwa maji ya moto. "Funga mdomo wako!"

Binti akainamisha kichwa. Habibu akaendelea kuchota uji kwenye bakuli, polepole, kama mtu ambaye hajasikia, na safari hii hakuna aliyejua kama kweli hajasikia au anajifanya. Tausi akajitazama. Mwaka mzima anapeleka vikombe, anajibu wateja kabla mume hajaulizwa mara ya pili, anapandisha sauti ya redio na kusema yeye ndiye anayeipenda juu. Alidhani analinda heshima ya mume wake. Heshima gani hiyo ambayo leo imemkaribisha mtu apeleke kazi Moshi?

Akahama mahali alipokaa, akaenda upande wa sikio lililokuwa na nafuu, akamsogelea.

"Mtoto hajakosea," akasema. "Baba Shamsa, yule mtu wa Ndungu alisema anachukua kazi anapeleka Moshi. Wewe ukamwambia karibu sana."

Bakuli likasimama hewani.

"Alisema hivyo?"

"Mbele ya Kassimu na wenzake. Na saumu haijawahi kuunguza kisu, mwenyewe unajua. Tumwache Mungu na mwezi wake."

Habibu akaweka bakuli chini. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega, lakini pale barazani alionekana amepungua. Halafu akasema kitu ambacho Tausi hakukitarajia.

"Unadhani mimi nilikuwa na kiu? Chai ya moto saa nane, jua la Same?"

"Ulijua?"

"Siku ya tatu tu nilijua. Nikasema moyoni, huyu mwanamke anasikia mashine yangu kuliko mimi." Akapangusa uso. "Msikitini narukuu kwa kumwangalia aliye mbele yangu. Imamu akitoa salamu naona mabega yamegeuka, na mimi nageuka. Nilikwenda hospitali mwaka juzi sikukwambia. Wamesema mishipa imechoka, hairudi."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Shamsa aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa ushungi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Hata Habibu akacheka kidogo. Lakini Tausi hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshaahidi kisu cha mwisho kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kesho nitasimama na wewe pale pale kwenye mashine," akasema. "Ikilia, nakuonyesha. Sihitaji kikombe."

"Sawa. Ila milango nitafunga."

"Ya nini?"

"Mama Shamsa, niachie hata hilo. Watu waseme Habibu anaendeshwa na mkewe kwenye kazi yake mwenyewe?"

Neno lile lilimuuma Tausi, na tuseme ukweli, lilimuuma vibaya. Kazi ameifanya mchana kweupe mwaka mzima, na jina analoitwa ni mdekezaji wa mume. Sasa ataifanya tena, nyuma ya mlango, kama anaiba. Lakini alimwona mumewe alivyoinamisha kichwa, akasema haya, tufunge.


Asubuhi wakafunga milango yote miwili ya bati, wakatia komeo. Ndani kukawa na joto la tanuri. Habibu akafunga kisu cha mwisho kwa kukibembeleza, akakipiga kwa kiganja, akakihakikisha. Akamwonyesha Tausi pa kusimama, mbali na mkanda, ushungi ufungwe nyuma usije ukavutwa. Wakakubaliana: kiganja kikielekea chini, punguza, kikielekea juu, ongeza, mikono miwili juu, zima.

Kwanza Habibu aliiwasha mashine bila kisu kugusa chuma. Tausi akatikisa kichwa, hapo hapana cha kusikiliza. Habibu akasogeza chuma kidogo tu, kisu kikaonja ukingo. Kilio. Kiganja cha Tausi kikashuka. Habibu akazima. Alikuwa anahamisha mkanda pale walipoanza kugonga nje.

Habibu, bila shaka, hakusikia. Ni Tausi aliyeyasikia yote.

"Fundi Habibu! Fundi!" Hiyo ilikuwa sauti ya Anold, amewahi.

"Hafungui," mwingine akasema. "Nimepita mara mbili, wamejifungia."

"Karakana imefungwa mchana wa Ramadhani?" Huyo alikuwa mzee wa duka la mbao, mtu wa msikiti, mwenye kuongea polepole. "Kuna nini humo?"

"Jana si alisema saumu imemkamata? Basi kaamua kuifungulia." Kicheko.

"Mzee Habibu anakula mchana? Jamani!"

"Angekuwa anakula tu," mmoja akasema, "si yumo humo na mkewe?"

Wakacheka hadi wakagonga bati. Kassimu peke yake ndiye aliyesikika akiwaambia waache upuuzi, lakini kwa sauti ya mtu ambaye na yeye hana uhakika.

Damu ikampanda Tausi kichwani. Akamtazama mumewe. Habibu alikuwa anafuta mafuta kwenye puli kwa kitambaa, ametulia zake, hajui kwamba hatua chache kutoka alipo jina lake linachafuliwa kwa jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu abalehe. Angeweza kumwacha. Angeweza kunyamaza kama alivyozoea, wachonge, wafungue, watu wasemezane. Akamshika bega, akaweka mdomo sikioni, akamwambia neno kwa neno. Hata la mwisho alimwambia.

Uso wa Habibu ulibadilika. Akatazama mlango, akatazama kitambaa mkononi.

"Mimi?" akasema. "Mimi nile mchana?"

Akaenda akatoa komeo, akaifungua milango yote miwili mpaka mwisho, jua likaingia mpaka kwenye mashine. Watu wakarudi nyuma. Walikuwa wengi kuliko siku nyingine, na wote wakachungulia ndani kutafuta sahani. Sahani haikuwepo.

"Ingieni," Habibu akasema. "Ingieni mnuse. Tafuteni hata makombo."

"Mzee, utani tu huo," Kassimu akasema.

"Siyo utani. Nimefunga mlango, na mtu akifunga mlango mwezi huu mna haki ya kuuliza anaficha nini. Nitawaambia ninachoficha." Akavuta pumzi. Tausi akatamani kwenda kumshika mkono, akajizuia. "Sisikii. Masikio yangu yamekufa, yote mawili. Jana haikuwa saumu, nilisema uongo, Mungu anisamehe. Kisu kimelia mbele ya pua yangu nami sikukisikia. Na huyu ndugu yangu aliniambia anapeleka kazi Moshi, nikamkaribisha."

Anold akaangalia viatu vyake.

"Kazi zote nilizowachongea mwaka huu," Habibu akaendelea, "hebu semeni, ipo iliyorudi?"

Haikuwepo.

"Aliyekuwa anasikiliza spidi ni huyu." Akamwonyesha Tausi. "Mashine ikilia ananiletea chai, ili niizime. Ndiyo ile chai mnayoionea wivu."

Eh! Lori lililokuwa linapanda barabara kuu likasikika lote na gia zake. Tausi alihisi macho ya wanaume wote yamemwangukia. Siku nyingine angeinama, angevuta kanga. Siku hiyo hakuinama. Alisimama pale pale alipoonyeshwa, kidevu juu, akafunga ushungi wake upya nyuma ya shingo.

"Baba Shamsa," akasema kwa nguvu, "washa mashine."


Habibu akawasha. Kisu kikagusa. Mlio ulikuwa umepungua lakini bado mwembamba. Kiganja chini. Habibu akazima, akashusha gia.

"Lakini hapo si sawa sasa?" mzee wa mbao akauliza. "Kibao kinaonyesha—"

"Kibao hicho ni muongo, mzee wangu," Tausi akamjibu. "Shikamoo, lakini ni muongo."

"Marahaba," mzee akasema.

Akawasha tena. Bado. Chuma kile cha ekseli kilikuwa kigumu ajabu, kinalia hata pale ambapo vyuma vingine vilikuwa vinanyamaza. Kiganja chini. Habibu alimtazama mkewe, akasita kidogo, maana ile gia ya chini kabisa alikuwa haigusi isipokuwa kwa visu vipana sana. Wanaume wakanong'onezana. Kassimu akashindwa kuvumilia: "Shemeji, polepole hivyo? Tutamaliza Idi!"

"Wewe una haraka ya kwenda kula wapi?" Tausi akamuuliza, na watu wakamcheka Kassimu.

Gia ya chini kabisa. Kisu kikaingia kwenye chuma. Tausi akafumba macho. Mara ya kwanza ilikuwa ngurumo tu, nzito, halafu ndani yake akausikia mpigo, mmoja, mmoja, ukimega bila kuharakisha. Ndiyo yenyewe. Ile aliyoipikia makande miaka yote. Akaunyoosha mkono wake mbele, kiganja kimelala, maana yake baki hapo, akautuliza pale.

Habibu akaangalia vinyweleo vinavyoanguka. Vilikuwa vyeupe. Hakutabasamu, akasogeza chuma.

Jino la kwanza likatoka safi. Akageuza gia ya Anold kidogo, akachonga la pili, likafuata jingine. Watu waliokuja kuchungulia futari ya wizi wakasahau walichojia, wakakaa kwenye benchi, kwenye matairi, chini. Adhuhuri ikaadhiniwa, Habibu akazima, wanaume wakaenda kuswali, wakarudi. Koo za watu zimekauka, joto halisemeki, hakuna aliyeondoka. Anold, ambaye hakuwa amefunga, alitoka na chupa yake ya maji akaenda kunywa mbali, nyuma ya gereji ya pikipiki, akarudi amejifuta midomo.

Meno yalikuwa yamebaki machache pale Tausi aliporusha mikono yote miwili juu. Habibu akazima papo hapo. Hakuuliza.

"Nini tena?" Anold akaruka. "Mbona ilikuwa inakwenda vizuri?"

"Imebadilika."

"Mimi sijasikia kitu," akasema Kassimu, ambaye masikio yake yalikuwa mazima yote.

"Imebadilika," Tausi akarudia. Akikosea hapa, mbele ya watu wote hawa, atakuwa ni mwanamke aliyetoka jikoni kuja kusumbua kazi ya wanaume, na hadithi itamfuata mpaka Kighare kwa mama yake.

Habibu alikuwa ameshainama. Akagusa kisu kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka. Akafuatilia bomba la maji ya sabuni kwa mkono mpaka alipofika kwenye mdomo wake, akalifungua, akalipuliza. Kikatoka kinyweleo cha chuma kimejikunja, kimeziba njia. Maji yakarudi kutiririka. Kisu kilikuwa kimeanza tu kupata joto, hakijabadilika rangi hata kidogo.

Akakiinua kile kinyweleo juu, watu wote wakione.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona nyie?"

Mzee wa mbao akapiga kofi moja, kubwa, akasema mashallah. Kassimu akavua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Na Tausi, jamani, nisiwafiche, alijisikia fahari ambayo hakuwahi kuijua, si siku ya harusi, si siku Shamsa alipofaulu. Ilimjaa mpaka akawa hana pa kuiweka mikono yake. Alitaka mama yake awepo, na dada zake wote, na yule aliyesema yumo humo na mkewe asimame mbele kabisa aone vizuri.

Jino la mwisho likatoka alasiri imeingia. Habibu akaifungua gia kwenye mashine, akaikung'uta, akaipitisha tupa kwenye kingo, akampa Anold. Anold akaipokea kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa mtoto. Akaipachika kwenye ile ya zamani aliyokuja nayo, jino likaingia kwenye jino, akaizungusha. Ilizunguka bila kukwama popote. Akaizungusha tena kwa raha tu, na watu wakasimama kuangalia kwa karibu.

"Fundi," akamwambia Habibu, "hii nikifika nayo Ndungu wataniuliza. Nikiulizwa nani kachonga, niseme nani?"

Habibu alikuwa ameinama anafagia vinyweleo chini ya mashine. Hakusikia. Kila mtu aliona kwamba hajasikia, na kila mtu akamgeukia Tausi, wakisubiri amrudilie swali mumewe, kama ambavyo sasa wote walijua anafanya.

Tausi hakumrudilia.

"Sema mimi na mume wangu," akajibu.

Habibu akaona wote wanamtazama mkewe. Akainuka na ufagio mkononi, akatazama nyuso zao moja moja, na bila kujifichaficha, mbele ya wateja wake wote, akauliza, "Amesema nini?"

Tausi akamsogelea, akaweka mdomo sikioni kwake, akamweleza swali na jibu lake kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia.

Habibu akafikiri kidogo. Kisha akamgeukia Anold, akasema kwa nguvu, kama wasemavyo watu wasiosikia:

"Hivyo hivyo alivyokwambia. Na usije ukageuza ukaanza na mimi."